Maikrofoni ya utepe: historia ya sauti njema kwa bei nafuu

Mwaka 1934 studio za Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, zilianza kupokea maikrofoni ya aina mpya. Ilipewa jina fupi la Aina A, na ilibuniwa na wahandisi wa BBC wenyewe kwa ushirikiano na kampuni ya Marconi. Gharama yake ilikuwa takriban pauni 9. Maikrofoni ya kampuni ya RCA ya Marekani, iliyokuwa ikisifiwa sana kwa ubora wakati huo, iliuzwa kwa bei iliyoizidi hiyo mara kadhaa.

Zote mbili zilinasa sauti kwa njia moja: utepe mwembamba wa aluminiamu uliotundikwa baina ya ncha za sumaku. Wahandisi wa BBC walikabiliwa, basi, na suala ambalo hadi leo humsumbua kila mwanamuziki mwenye fedha kidogo. Kipi kinaweza kupunguzwa ili bei ishuke, na kipi kikiguswa sauti itaharibika?

Kwa mpiga udi anayeishi Maskati, au kikundi cha taarab kinachofanya mazoezi sebuleni mjini London, suala hilo lina uzito wake. Mzee anayezijua nyimbo za zamani huenda akarekodiwa mara moja tu maishani mwake. Kitakachonaswa siku hiyo ndicho watakachokisikia wajukuu.

Chanzo chake Ujerumani

Katika miaka ya mwanzo ya utangazaji, maikrofoni nyingi zilitegemea chembe za kaboni. Sauti ilizibana na kuziachia chembe hizo, na umeme uliopita ndani yake ukapanda na kushuka. Zilifaa kwa hotuba, lakini zilikuwa na mchakacho usiokoma, na fidla iliyopigwa polepole ilizama ndani ya mchakacho huo.

Mapema katika miaka ya 1920, wanasayansi wawili wa kampuni ya Siemens nchini Ujerumani, Walter Schottky na Erwin Gerlach, walibuni njia nyingine. Waliuweka utepe wa aluminiamu katika uga wa sumaku. Hewa inapotikisika kwa sauti, utepe nao hutikisika, na umeme mdogo sana huzaliwa ndani yake. Hakuna chembe za kusuguana, wala hapana ngozi nzito ya kusukumwa.

Aliyekifanya chombo hicho kifae kwa kazi ya kila siku ni Harry Olson, mhandisi wa RCA. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitumia sumaku za kudumu badala ya zile zilizohitaji umeme wa kuziendesha. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa maikrofoni ya RCA 44, ambayo picha zake zimebaki kuwa alama ya enzi ya redio. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3, na utepe wake ulikuwa na unene wa takriban maikroni 2. Unywele wa binadamu huwa na unene wa maikroni zipatazo 70.

Wepesi huo ndio siri ya sauti yake. Utepe hufuata mtikisiko wa hewa bila kuuongezea ukali wake wenyewe. Maikrofoni nyingine za zama hizo zilikuwa na tabia ya kuzikuza sauti za juu kupita kiasi, na vyombo vya nyuzi vilisikika kama vinakwaruza.

Utepe una tabia nyingine pia. Kwa kuwa uko wazi mbele na nyuma, husikia pande hizo mbili kwa usawa, na karibu hausikii chochote kutoka ubavuni. Waigizaji wa michezo ya redio waliweza kusimama wakitazamana, maikrofoni ikiwa katikati yao. Mhandisi Alan Blumlein, aliyeomba hataza yake mjini London mwaka 1931, alionyesha kwamba maikrofoni mbili za namna hiyo zikikingamishwa kwa nyuzi 90 huweza kunasa kundi zima la wanamuziki, kila mmoja akasikika mahali alipoketi.

Uamuzi wa BBC

BBC ilikuwa na studio nyingi na mahitaji yaliyokuwa yakikua. Matangazo yake ya kwenda ng'ambo yalikuwa yameanza Desemba 1932. Kuzijaza studio zote maikrofoni kutoka Marekani kungekuwa mzigo mkubwa, na fedha zenyewe zilitokana na ada iliyolipwa na wasikilizaji.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa kubuni chombo kwa mahitaji ya BBC yenyewe, kisha kukikabidhi kwa kampuni iliyokuwa na karakana ya kukitengeneza. Utepe, sumaku na transfoma, yaani vitu vitatu vinavyoamua sauti, vilibaki kuwa kiini cha Aina A.

Kazi haikuishia mwaka 1934. Matoleo mengine yalifuata, nayo yakatofautishwa kwa kuongezewa herufi, hadi likafikiwa lile la miaka ya 1940 lililoitwa AXBT, lenye sumaku yenye nguvu zaidi. Umbo la nje halikubadilika sana, lakini ndani kulikuwa na marekebisho ya kila mara. Maikrofoni hiyo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1959.

Kwa hiyo ilikuwa bado ikitoka kiwandani wakati Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza matangazo yake tarehe 27 Juni 1957. Kufikia wakati huo BBC ilikwisha kubuni mrithi wake. Chombo hicho kipya, kilichotoka katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, kilikuwa kidogo na chepesi zaidi, na utepe wake ulikuwa na unene wa maikroni 0.6 tu. Kiliuzwa na kampuni ya STC kwa jina la 4038. Mafundi wa studio za EMI katika barabara ya Abbey Road, London, walikitumia kurekodia ngoma za kundi la Beatles. Kinatengenezwa hadi leo na kampuni ya Coles ya Uingereza.

Kusahauliwa na kurejea

Hata hivyo, maikrofoni za utepe zilipoteza nafasi yake. Upepo mkali, au pumzi ya mtu anayepuliza kujaribu kama chombo kinafanya kazi, huweza kuunyoosha utepe na kuuharibu. Televisheni ilihitaji vyombo vidogo, na jukwaa lilihitaji vyombo visivyoogopa kuanguka. Maikrofoni za kondensa na zile za dainamiki zikashika hatamu, na RCA ikaacha kutengeneza zake katika miaka ya 1970.

Kilichozirudisha ni mitambo ya kurekodi ya kidijitali. Kanda za zamani zilikuwa zikilainisha ukali wa sauti za juu, ilhali mitambo mipya iliuhifadhi ukali wote kama ulivyo. Mafundi wakaanza kuzitafuta tena maikrofoni za utepe. Mwaka 1998 kampuni ya Royer ya Marekani ilitoa R-121, na kampuni ya AEA ya Wes Dooley ikafufua umbo la RCA 44. Lakini vyombo hivyo viliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, bei iliyo mbali na uwezo wa wanamuziki wengi.

Katika miaka ya 2000 viwanda vya China vikaingia sokoni. Maikrofoni za utepe zilianza kuuzwa kwa chini ya dola 200, mara nyingi chombo kile kile kikiwa na majina tofauti ya biashara. Suala la mwaka 1934 likarudi upya.

Fedha kidogo iende wapi?

Vyombo hivyo vya bei ya chini havilingani. Katika vingine utepe ni mnene kupita kiasi, nao hushindwa kufuata mitetemo midogo ya sauti za juu. Katika vingine transfoma ni dhaifu, na sauti nzito za udi hutoka zikiwa zimekonda. Mafundi wengi wamegundua kwamba chombo cha bei nafuu chenye sumaku nzuri kinaweza kubadilishiwa transfoma na kutiwa utepe mpya, na gharama yote bado ikawa chini ya ile ya chombo mashuhuri. Ndiyo sababu inafaa kuuliza, kabla ya kununua, kama kinafunguka kwa urahisi na ni nani atakayekitengeneza utepe ukilegea.

Jambo la pili ni kikuza sauti. Umeme unaotoka katika utepe ni mdogo mno, na mikisa ya bei ya chini ikilazimishwa kuukuza hutoa mvumo wake yenyewe. Kwa chombo cha sauti ya upole kama udi huhitajika ukuzaji safi wa desibeli 60 au zaidi. Mwenye dola 300 huenda akafaidika zaidi akinunua maikrofoni ya dola 150 pamoja na kikuzaji kidogo cha kuisaidia, kuliko kuzimaliza zote kwenye maikrofoni.

La tatu ni umeme wa volti 48 ambao mikisa hupeleka kwenye maikrofoni za kondensa. Waya ukiwa mzima, kwa kawaida hauna madhara. Waya ukiwa na kasoro, unaweza kuukata utepe mara moja. Ni salama kuuzima, isipokuwa pale kikuzaji kinapouhitaji au mtengenezaji anapoagiza utumike.

Chumba nacho kina neno lake. Maikrofoni inayosikia nyuma sawasawa na mbele huunasa pia mwangwi wa ukuta mtupu, na blanketi zito lililotundikwa nyuma yake husaidia sana. Udi ukisogezwa karibu mno, besi huvimba. Umbali wa kama nusu mita ni mahali pema pa kuanzia. Kanuni, yenye makali yake juu, ndiyo inayonufaika zaidi na ulaini wa utepe. Na mpiga dumbaki akikalishwa ubavuni mwa maikrofoni, pale isiposikia, sauti yake itapungua bila ya yeye kuambiwa apige polepole.

Anayepata nafasi ya kuijaribu maikrofoni kabla ya kulipa, na apige noti moja ya udi aiache ife yenyewe, kisha asikilize ule mwisho wake. Pale ambapo mtetemo unayoyoma ndipo utepe mnene, transfoma mbovu na kikuza sauti chenye mvumo hujidhihirisha. Noti ikisikika hadi inapokoma, bila kumezwa na mvumo, bei ya chini itakuwa haikumpunguzia mnunuzi kile alichokuwa akikihitaji.