Kukataliwa kwa kesi kabla ya kumaliza njia za kiutawala

Kukataliwa kwa kesi kabla ya kumaliza njia za kiutawala ni uamuzi wa mahakama wa kutopokea dai kwa kuwa mlalamikaji hakupeleka kwanza malalamiko yake ndani ya utawala wenyewe. Uamuzi huo hausemi nani ana haki.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahakama za kiutawala zinaongozwa na sheria namba 16/027 ya 15 Oktoba 2016. Anayetaka uamuzi wa serikali ubatilishwe huiandikia kwanza mamlaka husika. Ukimya wake ukipita muda wa kisheria huhesabiwa kuwa ni kukataa, na mlango wa mahakama hufunguka. Mkulima wa Lubarika, katika teritware ya Uvira, anayepinga uamuzi wa ofisi juu ya shamba lake, anahitaji nakala ya barua yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa. Karatasi hiyo moja yaweza kuokoa kesi nzima. Ugomvi wa mpaka baina ya majirani hauhusiki na sharti hili, kwa kuwa haupingi uamuzi wa serikali.

Kenya ina sharti kama hilo katika sheria ya mwaka 2015 kuhusu maamuzi ya kiutawala, kifungu cha 9, ila Mahakama Kuu yaweza kumsamehe mwombaji katika mazingira ya pekee.