Gari lililoshushwa lataka vipimo, si kukisia

KUSHUSHA gari la spoti kama Subaru Impreza kwa kubadilisha springi hugeuza jinsi magurudumu yanavyokaa barabarani. Sehemu ya juu huinamia ndani, na mwelekeo wa mbele huvurugika. Matairi yanapolika upande wa ndani, wengi hulaumu mwinamo huo pekee. Mharibifu mkubwa zaidi ni magurudumu kutokuwa sambamba, kwani hapo matairi huburutwa badala ya kubingirika. Yaweza kuchakaa hadi nyuzi za chuma huku upande wa nje ukionekana mpya. Tairi la aina hiyo likipasuka katika mwendo wa kasi, maisha yamo hatarini.

Kabla ya kulipa, muulize fundi iwapo mtambo wake hupima magurudumu yote manne. Pia, je, gari litapanda jukwaani bila kukwaruza bampa? Gereji zilizozoea magari ya chini huwa na mbao za kupunguza ukali wa mteremko. Fundi wa kutegemewa hukagua bushi na tairodi kwanza, kwa maana kurekebisha vipuri vilivyolegea ni kazi bure. Kisha hukukabidhi karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Asiye nayo, mwache.

Springi mpya huhitaji siku kadhaa kutulia, hivyo usiharakishe. Aidha, katika Impreza nyingi mwinamo wa mbele hurekebishwa kwa bolti maalumu, ilhali wa nyuma huhitaji vipuri vya ziada. Fundi mkweli atakwambia hayo kabla hujatoa pesa.