Kukomaza zege

Chungu cha maua cha zege mara nyingi hakiharibikii ndani ya kalibu. Huharibika siku inayofuata, kikishatolewa na kuanikwa juani, mwenye nacho akiamini kwamba kinakauka ili kiwe kigumu. Imani hiyo imejificha katika kitenzi chenyewe, kukauka. Ndiyo maana hatua hii inastahili jina lake, na jina ninalolitetea ni kukomaza. Nomino yake ni ukomazaji.

Ukomazaji ni kulitunza zege changa katika unyevu na joto lifaalo ili saruji imalize kazi yake. Saruji haigeuki jiwe kwa kupoteza maji, bali kwa kuyatumia. Chembe zake huungana na maji kikemikali, na katika muungano huo huota fuwele na utando mgumu unaoshika mchanga na kokoto. Unyevu wa ndani ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, muungano huo karibu husimama, na saruji iliyolipiwa hubaki humo bila kutumika. Zege hukomaa hata likiwa limezama majini, kama nguzo za madaraja zinavyothibitisha.

Tusichanganye kukomaa na kuganda. Kuganda ni kupoteza ulaini, jambo la saa chache. Kukomaa huchukua siku nyingi: wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 7 na ya 28, na zege la saruji ya kawaida lililotunzwa vizuri huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku 28 ifikapo siku ya 7. Mkulima wa Ugogo hahitaji kufundishwa tofauti hii. Analijua suke la mtama lililokomaa na lile lililokauka kabla ya kukomaa; yote mawili ni makavu, lakini moja halina punje.

Mafundi wetu husema kumwagilia. Ni neno zuri la kazi, ila linataja ndoo tu, halitaji lengo. Wengine wangependa kuivisha. Kwangu neno hilo linavuta mno upande wa moto, hasa mahali ambapo watu wamezoea tofali za kuchoma.

Pale Ihumwa, mashariki mwa jiji la Dodoma kwenye barabara ya Morogoro, uchaguzi huu wa neno unagusa mfuko. Nyumba zinaongezeka tangu Mji wa Serikali ulipoanza kujengwa jirani Mtumba, na wenye nyumba wanataka bustani. Lakini mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu yenye upepo. Maji ya jiji hutegemea sana visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Anayejua kumwagilia peke yake atamwaga ndoo asubuhi, na upepo utaichukua kabla ya adhuhuri. Anayejua kukomaza atatafuta namna ya kuuzuia unyevu usitoke, na hapo karatasi ya nailoni inafanya kazi kubwa kuliko ndoo kumi.

Mapambo yanahitaji uangalizi huo kuliko hata msingi wa nyumba. Msingi ni mnene na umezungukwa na udongo, lakini ukuta wa chungu wenye unene wa sentimita 3 hunyonywa na hewa ndani na nje. Nyufa nyembamba za juu na kingo zinazomeguka kwa kidole hutokana mara nyingi na kukauka mapema.

Basi kiache chungu ndani ya kalibu iliyopakwa mafuta kwa saa 24 hivi, kikiwa kivulini na kimefunikwa nailoni. Ukikitoa, kivishe gunia bichi, kisha kizungushie nailoni na uibane chini kwa mawe. Ziba tundu la chini ukijaze maji. Kama ulichofinyanga ni jiwe la zege la kukanyagia bustanini, lizamishe katika beseni. Siku 7 ni kiwango cha chini. Zikiwa zaidi, chungu kitafaidika. Maji yanayobaki huwa na chokaa iliyotoka kwenye saruji, hivyo vaa glavu unapoyagusa, usiyamwagie miche, na usipande kitu kabla ya kukilowesha na kukisuuza chungu mara kadhaa kwa maji safi.