Askofu Alfred Stanway na Kiti cha Dodoma

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiipima methali hii kwa historia ya Kanisa la Kianglikana katika uwanda wa kati, twaona kwamba mwenyeji hakupona kwa siku moja.

Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, yenye makao yake Dodoma, iliundwa mwaka 1927. Askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers, akafuatiwa na William Wynn Jones, aliyefariki mwaka 1950. Mwaka 1951 kiti kikamwangukia Alfred Stanway, Mwaustralia aliyezaliwa mwaka 1908, ambaye tangu 1937 alikuwa mmisionari nchini Kenya. Alikabidhiwa eneo kubwa mno, lililoanzia Morogoro hadi Kigoma, na kutoka Ugogo hadi Ziwa Viktoria.

Mnamo tarehe 15 Mei, 1955, huko Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Daniel Deng Atong wa Sudani, na Yohana Omari wa Tanganyika. Omari akawa msaidizi wa Stanway, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana nchini mwetu. Uhuru ulikuwa bado miaka sita. Hata hivyo tusijidanganye: msaidizi hashiki usukani, na usukani ulibaki mikononi mwa mgeni.

Baada ya Uhuru dayosisi ile kubwa iligawanywa. Mwaka 1963 ilizaliwa Dayosisi ya Victoria Nyanza; mwaka 1965 ya Morogoro, chini ya Gresford Chitemo; na mwaka 1966 ya Tanganyika Magharibi, chini ya Musa Kahurananga. Kwa kila mgawanyo, mamlaka ya Stanway yalipungua, na ya wananchi yakaongezeka.

Mwaka 1971 Stanway aling'atuka. Yohana Madinda, aliyekuwa askofu msaidizi, akakikalia kiti cha Dodoma hadi mwaka 1989, mwaka ule ule alipofariki Stanway.

Miaka arobaini na minne ilipita tangu kiti kile kiwekwe hadi mwenyeji akikalie. Twaweza kulalamika kwamba ni mingi, na lalamiko hilo lina haki. Lakini vijana wetu na wajifunze jambo hili pia: kiongozi hapimwi kwa ukubwa wa eneo alilopewa, bali kwa watu aliowaachia kazi, nao wakaiweza.