Fimbo ya Zakaria

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Humo kijana Charles anamwandikia Rosa barua, na Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti vibaya. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, asijue namna ya kuishi nao; mwisho anaangamia. Kwa muda riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni.

Nilipoisoma chuoni nilimlaani Zakaria. Miaka ikapita, nikawa mwalimu mkuu huku Matombo. Siku ya kufunga shule nilinasa barua ya mvulana kwa msichana wa darasa la saba. Nikamwita mjomba wake, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Akaisoma, akaikunja taratibu.

“Mwalimu, mwali hufundwa.”

Nilikuwa nimekwisha kumchapa.