Vidole na Zamu

Neno mwalimu, ambalo leo hutuletea picha ya mtu mwenye chaki mkononi, katika vyombo vya Bahari ya Hindi lilikuwa jina la yule aliyezijua njia za bahari kwa nyota na hesabu, hata nahodha mwenyewe akamsikiliza. Wareno walilisikia wakaliandika *malemo*. Na João de Barros, katika tarehe yake iliyopigwa chapa mwaka 1552, asimulia kwamba rubani aliyepatikana Malindi mwaka 1498, alipoonyeshwa usturlabi ya Vasco da Gama, hakustaajabu hata kidogo, bali alionyesha chombo chake cha vibao vitatu.

Katika aina iliyo nyepesi kuliko zote kilitosha kibao kimoja, kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Mwalimu aliuuma uzi, akakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota, kisha akahesabu mafundo. Kipimo kiliitwa isbaa, yaani kidole. Duara zima la mbingu ni vidole 224, na kila kidole ni digrii moja na dakika 36 hivi. Safari nayo ilihesabiwa kwa zamu za saa tatu tatu (neno tungali nalo, ingawa sasa limebaki kwa walinzi na wauguzi), na kanuni ikawa kwamba chombo kiendacho kaskazini sawasawa kwa zamu 8, mchana kutwa na usiku kucha, huipandisha nyota ya Jaa kidole kimoja.

Lakini ni nadra upepo kukubali kaskazini sawasawa. Chombo kikishika njia ya katikati, baina ya kaskazini na mashariki, kidole kile kile chataka zamu 11 na ushei, kwa kuwa njia yake ni ulalo wa mraba ambao kila ubavu wake ni zamu 8. Hesabu hii waliiita tirfa, na Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwandishi mkuu wa elimu hiyo mwishoni mwa karne ya 15, ameieleza. Wako wanaodai kwamba yeye ndiye rubani wa Malindi; mimi siafiki, maana Barros asema yule alikuwa Mgujarati.

Sasa msomaji atwae kalamu. Kutoka Malindi hadi Calicut, kaskazini ni vidole 9, yaani mwendo wa siku 9. Mashariki, ambako hakuna nyota ya kupimia, ni mwendo wa siku 22 hivi. Zidisha kila moja kwa nafsi yake, jumlisha, utafute kipeuo cha pili: karibu 24. Da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili. Milima ya Bara Hindi ikaonekana tarehe 18 Mei.