Lucretius na Woga wa Miungu

Sisi tuliopita katika seminari ndogo tunamjua Vergilius. Tulimtafsiri mstari kwa mstari, na makosa yetu yalikuwa mengi. Lakini Lucretius tulitajiwa jina tu, kisha ukurasa ukageuzwa. Sababu yake si ya siri: Lucretius anahesabiwa kuwa adui wa dini. Basi tuulize: alikuwa adui wa dini gani?

Titus Lucretius Carus alikuwa Mroma wa karne ya kwanza mbele ya Kristu. Aliacha shairi moja tu, De rerum natura, maana yake Juu ya Asili ya Vitu: vitabu 6, mistari zaidi ya 7.000. Katika mwaka 54 mbele ya Kristu, Cicero alilitaja katika barua kwa ndugu yake. Ni shairi la kufundisha. Mwenyewe anajifananisha na mganga anayempa mtoto dawa chungu: anapaka asali kwenye mdomo wa kikombe, mtoto anywe na kupona. Asali ni mashairi. Dawa ni filozofia ya Epicurus, yule Mgriki aliyefundisha Atene na kufa mwaka 270 mbele ya Kristu.

Mafundisho yenyewe ni haya. Vitu vyote vimeungana kwa mbegu ndogo sana zisizoonekana wala kugawanyika, zinazotembea katika utupu. Hata roho ya mtu ni mbegu za namna ile, na mtu akifa zinatawanyika. Miungu iko, lakini inakaa mbali katika raha yake. Haikuumba dunia, haiazibu, haisikii maombi. Kwa hiyo mtu asiogope radi, wala kifo, wala mateso ya kuzimu.

Kwa nini Lucretius alishika mafundisho haya kwa moto mkali hivi? Jibu liko katika kitabu cha kwanza. Anasimulia habari ya binti wa mfalme Agamemnon. Merikebu za Wagriki zilikuwa zikingoja upepo pale Aulis, na mganga alisema mungu wa kike Diana anadai damu. Binti anapelekwa mbele ya altare kama bibi arusi. Baba yake amesimama kwa huzuni, watumishi wanaficha kisu, watu wanalia. Naye anachinjwa na baba yake mwenyewe. Hapo Lucretius anasema kwa uchungu kwamba dini ndiyo iliyowafundisha watu uovu mkubwa namna hii.

Tukisema ukweli, juu ya jambo hili hatuwezi kumpinga. Mungu wetu pia alichukizwa na sadaka za watoto. Juu ya mlima, Abrahamu alipokwisha kuinua kisu, Mungu mwenyewe alimzuia. Yule Diana wa Aulis hakuwa Mungu. Alikuwa woga wa watu uliopewa jina na altare. Lucretius aliuona uwongo ule kwa macho makali kuliko wapagani wengi wa wakati wake.

Kosa lake lilianzia pale alipozani kwamba kuvunja sanamu ya uwongo ni kumwondoa Mungu wa kweli katika mambo ya watu. Aliufukuza woga, lakini ndani ya nyumba iliyofagiwa hakuweka kitu. Tena shairi lenyewe linamshuhudia. Linaanza kwa sala kwa Venus, ingawa amefundisha kwamba miungu haisikii. Linakwisha kwa tauni ya Atene: mahekalu yamejaa maiti, watu wanapigania mahali pa kuchomea wafu wao. Hakuna neno la faraja nyuma yake.

Eklezia ilifanya nini na kitabu hiki? Lactantius, mwalimu wa Crispus mwana wa Konstantino, alibishana na Epicurus mara nyingi. Lakini alipofika mwisho wa kitabu chake kikubwa, aliitwaa sifa ambayo Lucretius alimpa Epicurus, ya kuwa alisafisha mioyo ya watu kwa maneno ya kweli, akasema sifa hiyo ni haki ya Kristu. Katika karne ya 9 shairi liliandikwa upya kwa mkono. Nakala mbili za wakati ule zingali Leiden mpaka leo, na katika moja wataalamu wametambua masahihisho ya Dungal, mwalimu kutoka Irlandi. Mwaka 1417 Poggio, mwandishi katika ofisi ya Papa, aligundua nakala nyingine katika monasteri. Baadaye Kardinali Melchior de Polignac alimjibu Lucretius kwa silaha ileile, shairi la Kilatini la vitabu 9, Anti-Lucretius, lililochapwa mwaka 1747, kardinali akiwa amekwisha kufa. Hivi watu wa Eklezia walimpinga adui huyu, na hata hivyo walimtunza asipotee.

Nasi tujifunze. Mtakatifu Tomaso anatofautisha woga wa mtumwa, anayeogopa fimbo, na woga wa mtoto, anayeogopa kumchukiza baba yake. Kila katekista anamjua mkristu anayesali Jumapili na kuvaa hirizi chini ya shati: ana woga mbili za mtumwa, na hajapata bado ule wa mtoto. Lakini tujichunguze sisi pia. Mama aliyefiwa na mtoto, tukimwambia upesi kwamba ni azabu ya Mungu, tumemhubiri nani? Na watu wakitukimbia kwa neno kama lile, tusiseme mara moja kwamba wamemkimbia Mungu. Pengine wamemkimbia Diana wa Aulis, ambaye sisi tumemvika jina la Baba.